Malisho ya Septemba Hupandwa Desemba: Mwongozo kwa Mfugaji wa Tabora

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukoma mwishoni mwa Aprili au mapema Mei. Kuanzia hapo mpaka Novemba nyingine, kwa miezi sita hivi, mfugaji hana tone la kutegemea. Kila mtu analijua hilo, mkubwa kwa mdogo, na bado kila Septemba tunaona yale yale: ng'ombe mbavu nje, maziwa yamekatika, ndama hawakui, na mtu anauza mtamba mzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu hana cha kumpa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayekaa Mtendeni, Isevya au Ng'ambo, mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa uani na ekari chache nje ya mji, iwe Kalunde, Itetemia, Tumbi au Misha. Mwenye kundi la ng'ombe wa asili vijijini Uyui au Sikonge naye atapata sehemu yake, hasa kwenye ngitili, yaani malisho yaliyofungwa.

Kwanza, elewa nyasi zinakufaje

Wengi husema, "Nyasi zipo tele porini, hata Agosti zimesimama." Ni kweli zimesimama, lakini lishe imeshaondoka. Nyasi zinapoanza kutoa maua, kila kilo 100 za majani makavu huwa na kilo 8 hadi 10 za protini. Zikikomaa, zikapukutisha mbegu na kupigwa na jua la Julai, hubaki kilo 3 au 4.

Tumbo kubwa la ng'ombe limejaa vijidudu vinavyochachua nyasi kwa niaba yake. Navyo vinataka protini. Protini ikishuka chini ya kilo 7 katika 100, vijidudu hupungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na ng'ombe anaacha kula hata kama hori limejaa. Ndiyo maana unamwona amesimama kwenye majani yaliyomfika tumboni na bado anakonda.

Kwa hiyo kazi yako ni kuzikamata nyasi zikiwa bado na lishe, kuzikausha na kuziweka. Kila hatua iliyo hapa chini inatoka kwenye jambo hilo moja.

Kuna sababu ya pili ya kuweka akiba. Malisho yakiisha karibu na mji, ng'ombe huswagwa kuingia miombo. Huko kuna mbung'o na ugonjwa wao wa nagana, na kuna hifadhi za misitu ambamo kuingiza mifugo ni kosa lenye faini. Hasara ya mbung'o katika njia ya misafara ya kutoka pwani kuja huku ni ya zamani. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu ng'ombe wa kuvuta mikokoteni kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akadhani njia imepatikana. Mwaka uliofuata wenzake walipokuja na mikokoteni mingi, ng'ombe walikufa kiasi kwamba mpango ukavunjika na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Ng'ombe anayekula uani kwako Septemba ameepushwa na safari ya kuingia miombo.

Nyasi za baridi unazoziona kwenye simu

Utakuwa umeona video za wafugaji wa Texas au Georgia, Marekani, wakipanda raigrasi na oti mwezi wa kumi ili ng'ombe wale majani mabichi wakati wa baridi. Kwao ni mpango mzuri. Nyasi hizo hustawi kwenye ubaridi mradi udongo una unyevu, na majira yao ya baridi huja na mvua.

Baridi yetu ya Juni na Julai ni kavu. Ukitupa mbegu ya oti Kalunde mwezi wa sita, itakaa vumbini mpaka ndege waiokote. Ukiipanda Desemba, joto litaikomaza haraka kabla haijatoa majani ya maana, na ugonjwa wa kutu utaimaliza. Kwa Afrika Mashariki oti na raigrasi ni mazao ya nyanda za juu: Njombe, Kitulo kule Makete kwenye zaidi ya mita 2,500, na Nyandarua nchini Kenya. Tabora tuko kwenye mita 1,200 hivi.

Je, ukiwa na kisima? Maji ya kisima yapeleke kwa ng'ombe na kwenye bustani ya mboga, yatakulipa zaidi. Wenye ndugu Oman waulizeni habari za pwani ya Batinah: visima vilivutwa kupita kiasi kumwagilia mashamba, yakiwemo ya nyasi za Rhodes, hadi maji ya bahari yakaingia chini na udongo ukashika chumvi. Sisi tuna masika ya milimita 900 hivi kwa mwaka, bure. Tuyatumie hayo.

Piga hesabu kabla ya kushika jembe

Ng'ombe mmoja chotara wa maziwa mwenye kilo 350 hivi hula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Wa asili mwenye kilo 250 hula kilo 6 hadi 7.

Kiangazi cha kulisha kutoka stoo kihesabu siku 150, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Novemba.

- Chotara mmoja: kilo 10 × siku 150 = kilo 1,500. Ongeza moja ya tano kwa kinachomwagika, kinachooza na kinacholiwa na mchwa: kilo 1,800. Kwa marobota ya kilo 18, hayo ni marobota 100.
- Wa asili mmoja: marobota 60 hadi 70 kwa hesabu hiyo hiyo.

Ekari moja ya nyasi za Rhodes (nitazieleza hapa chini) iliyotunzwa kwa mvua peke yake, kwa mwaka wa kwanza ikadirie tani moja na nusu. Kuanzia mwaka wa pili, ikipewa mbolea, hufika tani mbili hadi tatu. Maana yake ekari moja ni ya ng'ombe mmoja chotara, na mabua ya mahindi yako yatajazia. Mwenye ng'ombe wanne na ekari moja ana mawili ya kuchagua: kuongeza shamba, au kupunguza ng'ombe mwezi wa Mei wakiwa bado wamenona na bei ipo. Usisubiri Oktoba.

Upande nini?

Kwa udongo wetu wa kichanga, chaguo langu la kwanza ni nyasi za Rhodes. Ni nyasi za Afrika hii hii. Zinavumilia ukame, hudumu miaka kadhaa kwa kupandwa mara moja, shina lake ni jembamba na hukauka haraka, na ng'ombe anazipenda. Aina utakazosikia ni Boma, Elmba na Mbarara, zinazopandwa sana Kenya, na Katambora, iliyotoka upande wa mto Zambezi.

Mkulima wa tumbaku asikie hili vizuri. Shamba lililopandwa tumbaku mfululizo hujaa minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ivimbe mafundo mafundo. Rhodes, hasa Katambora, haiwalishi minyoo hao, na wakulima wa tumbaku wa Zimbabwe kwa miaka mingi wamelizungusha shamba kwa nyasi hizo miaka mitatu minne kabla ya kurudisha tumbaku. Kwa hiyo ekari ya tumbaku iliyochoka inaweza kulisha ng'ombe huku ikipona. Katika mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ningependa lijaribiwe zaidi Sikonge, Urambo na Kaliua. Ila usipande kunde au fiwi kwenye shamba lenye mafundo, maana mimea mingi ya jamii hiyo huwalisha minyoo. Wala usiwape ng'ombe mabua ya tumbaku.

Mabingobingo yanafaa bondeni, ukingoni mwa mbuga, ambako unyevu unakaa hadi Julai. Hayafai kukaushwa, shina ni nene mno. Yakate mabichi au yatengeneze sileji, yaani yavundike bila hewa.

Fiwi panda katikati ya mahindi, wiki tatu hadi nne baada ya mahindi kuota, ili yasizidiwe. Kilo 8 kwa ekari zinatosha. Mahindi yakivunwa, fiwi bado ni mbichi, na ukiikausha pamoja na mabua umepata protini ambayo mabua peke yake hayana. Kwa mtu asiye na ardhi ya ziada, hii ndiyo njia rahisi kupita zote.

Mtama na uwele wa malisho hukua upesi na hufaa mwaka ule Rhodes inapochelewa kuota. Mtama una hatari yake. Soma kisanduku kabla hujaukata.

> TAHADHARI: MTAMA MCHANGA UNAUA
> Mtama mchanga, uliodumaa kwa jua, au unaochipua upya baada ya kukatwa una sumu ya sianidi. Ng'ombe akiula kwa wingi na njaa, huhema kwa nguvu, hutoa povu, huyumba na kuanguka, na anaweza kufa ndani ya dakika chache.
> - Usilishe mtama mbichi ambao haujapita urefu wa kiuno, sentimita 75 hivi.
> - Novemba mvua za kwanza zikinyesha, visiki vya mtama huchipua kabla ya majani mengine. Hapo ndipo ng'ombe wengi hupotea. Zuia shamba hilo.
> - Kukausha vizuri au kutengeneza sileji hupunguza sumu, hakuiondoi yote kwa mara moja. Anza kwa kiasi kidogo, ng'ombe akiwa ameshakula kitu kingine.
> - Ukiona dalili, ita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini haisubiri.

Mbegu: hapa ndipo wengi hupoteza fedha

Mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama pamba na sehemu kubwa ya unachonunua huweza kuwa makapi matupu. Nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Ulizia kupitia afisa mifugo wa kata, au vituo vya taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, vya Mpwapwa na Kongwa, au shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, Kibaha. Kwa ushauri wa udongo wa hapa kwetu, kituo cha utafiti cha Tumbi kiko mlangoni kwako. Agiza Septemba. Anayekwenda kutafuta mbegu mvua ikiwa imeshanyesha hupata mabaki.

> JARIBU MBEGU KABLA YA KUPANDA
> Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, weka kivulini, nyunyizia kila siku. Baada ya siku 14 hesabu zilizoota.
> - Zimeota 30 au zaidi: tumia kilo 4 hadi 5 kwa ekari.
> - Zimeota 15 hivi: tumia mara mbili.
> - Chini ya 10: irudishe ulikoinunua.
> Mbegu iliyovunwa miezi miwili iliyopita inaweza kugoma kwa sababu bado imelala. Iache ikae miezi mitatu hadi sita, ujaribu tena.

Kupanda, hatua kwa hatua

1. Lima mara ya kwanza Oktoba au mvua za kwanza zikilainisha udongo. Lima mara ya pili baada ya wiki tatu hivi, magugu yakiwa yameota, ili yafe kabla mbegu yako haijaingia. Hatua hii hupunguza kazi ya palizi.

2. Lainisha udongo kama unaotengeneza kitalu cha tumbaku. Mabonge yakiwa makubwa kuliko ngumi, mbegu itadondokea kwenye nyufa na haitatoka.

3. Tandaza samadi iliyooza tani 5 kwa ekari kama unayo, uichanganye na udongo. Samadi mbichi ya zizini inaleta magugu. Kichanga cha Tabora kina upungufu wa fosforasi, kwa hiyo ongeza mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP au TSP. Kwa udongo wenye tindikali mbolea ya Minjingu inafaa pia.

4. Subiri mvua zishike. Mvua mbili za Novemba zisikudanganye, jua linaweza kurudi wiki mbili na kuua miche yote. Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari.

5. Chora mistari yenye kina kidogo sana, sentimita 1 tu, kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 50. Tumia kijiti au ncha ya jembe. Mistari hurahisisha palizi, kwani mche wa Rhodes ukiwa mdogo hauna tofauti na gugu.

6. Changanya kilo moja ya mbegu na ndoo ya mchanga mkavu au maranda, ili mkono umwage sawasawa. Panda asubuhi kabla ya upepo.

7. Funika kwa kuburuza tawi la mti lenye majani, kisha kanyagiza kwa miguu au pitisha gogo. Usifunike kwa jembe. Mbegu iliyozama sentimita 3 imezikwa.

8. Palilia wiki ya tatu na ya sita. Ukiziruka palizi hizi, mwezi wa tatu utakuwa na shamba la magugu yenye Rhodes hapa na pale.

Usiingize ng'ombe masika ya kwanza. Ukitaka kujua kama nyasi zimeshika, shika kichaka kimoja uvute kwa nguvu, kama ulimi wa ng'ombe unavyovuta. Yakikatika majani, zimeshika. Kikitoka na mizizi, bado.

Kukata: kalenda ndiyo siri

Hapa ndipo Tabora inatofautiana na vitabu. Vitabu husema kata nyasi nusu ya vichwa vikiwa vimetoa maua. Ushauri ni sahihi, lakini Rhodes ya kwetu, hasa kuanzia mwaka wa pili, hutoa maua Februari, na Machi ni mwezi wa mvua nyingi. Ukikata Februari utaozesha kila kitu shambani. Ukingoja Mei mvua zikome, unakuta nyasi zimezeeka, majani ya chini yamekauka, mbegu zimeanguka. Wafugaji wengi hungoja, na hujaza stoo kwa kitu kisicho na tofauti na mabua.

Njia ya kutoka hapo ni kukata mara mbili, huku ukataji wa kwanza ukiwa wa kupanga wakati wa ukataji wa pili.

Kata shamba zima kati ya mwishoni mwa Februari na wiki ya kwanza ya Machi, hata kama nyasi zinapendeza na moyo unauma. Nyasi za ukataji huu usijaribu kuzikausha. Walishe ng'ombe mabichi kwa wiki hizo, uza kwa majirani, au tengeneza sileji. Kisha, udongo ukiwa na unyevu, mwagia urea au CAN mfuko mmoja kwa ekari. Nyasi zitachipua upya na mvua za Machi na Aprili, na baada ya wiki nane, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, zitakuwa zinaanza maua wakati mawingu yanaondoka. Hapo unakata nyasi changa ndani ya jua kali. Hakuna robota bora kuliko la wiki hizo mbili.

Shamba la mwaka wa kwanza lililopandwa katikati ya Desemba lifanyie hivyo hivyo. Ukataji wa Machi pia hupunguza magugu kabla hayajatoa mbegu. Lililopandwa Januari liache bila kuligusa mpaka mwishoni mwa Aprili.

Siku ya kukata nyasi za kukausha:

- Anza asubuhi umande ukishakauka, baada ya kuona siku mbili mfululizo bila mawingu mazito.
- Acha kisiki cha vidole vinne, sentimita 8 hadi 10. Ukikwangua ardhi, kichaka hakirudi.
- Tandaza nyembamba. Geuza mchana, na kesho yake tena. Kwa jua la Mei, siku mbili au tatu zinatosha.
- Chukua mkono mmoja wa nyasi, upindishe kama unayekamua nguo. Mkono ukihisi unyevunyevu, bado. Shina likivunjika kwa mlio huku jani likiwa la kijani, funga leo. Kila siku ya ziada juani inaondoa kijani, na kijani ndicho unacholipia.

Kufunga marobota bila mashine

Mwambie fundi seremala akutengenezee kisanduku kisicho na kitako wala mfuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Laza kamba mbili za katani ndani, ncha zikining'inia nje. Jaza nyasi, ingia ukanyage, jaza tena, kanyaga mpaka ukingoni, funga kamba, inua kisanduku. Likishindiliwa vizuri, robota moja hufika kilo 20. Pima machache ya kwanza kwa mizani ili hesabu yako ya marobota iwe ya kweli, maana mkanyagaji mchovu hutoa ya kilo 12.

Robota lililofungwa bichi huvunda, hupata joto lenyewe ndani, na likirundikwa na mengine linaweza hata kuwaka. Likinuka ukungu usimpe ng'ombe mwenye mimba.

Mahali pa kuweka

Mchwa wa Tabora hawana simile. Jenga kichanja nusu mita juu ya ardhi, miguu ikiwa nguzo ngumu, na ukague miguu hiyo kila wiki kwa njia za udongo. Zibomoe, weka majivu. Juu ezeka kwa bati au turubai, ubavuni acha hewa ipite. Marobota yasiguse ukuta.

Moto ni adui wa pili. Kuanzia Juni watu huchoma mashamba na misitu, na moto mmoja unaweza kuchukua kazi ya mwaka mzima kwa dakika chache. Kabla ya Mei kuisha, fyeka barabara ya moto yenye upana wa mita 4 hadi 5 kuzunguka shamba na stoo, uikwangue mpaka udongo. Uani mjini, kichanja kikae mbali na jiko.

Kulisha

Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na fiwi yaanze, Juni na Julai, ng'ombe bado wakiwa na akiba mwilini. Marobota mazuri yaweke kwa Agosti hadi Novemba, na hapo wape kwanza wanaokamuliwa, wenye mimba ya miezi ya mwisho, na ndama. Dume na ng'ombe mkavu watavumilia mabua.

Katakata nyasi kwa panga urefu wa kidole na ziweke horini. Ukizitupa chini, sehemu kubwa itakanyagwa. Majani ya lusina na glirisidia, yaliyonyaushwa siku moja, huongeza protini, ila lusina isizidi theluthi moja ya chakula. Anayekamuliwa mwongezee kilo moja hadi mbili za mashudu ya alizeti au pamba. Jiwe la chumvi liwepo muda wote.

Na maji. Ng'ombe anayekula nyasi kavu na kutoa maziwa anahitaji lita 50 au zaidi kwa siku. Nimeona watu wakilaumu nyasi, kumbe ndoo inaletwa mara moja asubuhi.

Kwa mwenye kundi: ngitili

Ng'ombe 60 huwezi kuwafungia marobota. Kwako njia ni ngitili, ile desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi ya kufunga eneo la malisho masika yakianza na kulifungua kiangazi. Ilikaribia kupotea Shinyanga mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipowarudia wananchi na kujenga juu ya desturi yao wenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Funga eneo Novemba, andikisha mipaka na kanuni zake kwa serikali ya kijiji ili uwe na pa kushika mtu akiingiza mifugo, fyeka barabara ya moto, na ufungue Julai vipande vipande, kipande kimoja kikiisha ndipo kingine. Nyasi zitakuwa zimezeeka, kwa hiyo chumvi na mashudu kidogo ni lazima kwa wenye mimba.

Makosa yanayorudiwa

- Kupanda kwenye mbuga inayotuamisha maji. Rhodes huvumilia maji siku chache tu.
- Kukata chini kabisa ili kupata zaidi. Mwaka unaofuata kuna vipara.
- Kuvuna mbegu na nyasi kavu kutoka shamba lile lile msimu ule ule. Tenga kipande cha mbegu.
- Kuchukua mavuno miaka mitatu bila kurudisha samadi, kisha kusema mbegu ilikuwa mbaya.
- Kuuza marobota Juni kwa bei ndogo na kununua Oktoba kwa bei kubwa.

Orodha ya kubandika ukutani

- [ ] Septemba: agiza mbegu
- [ ] Oktoba–Novemba: jaribu mbegu, lima mara mbili, funga ngitili
- [ ] Katikati ya Desemba: panda
- [ ] Januari–Februari: palizi mbili
- [ ] Mwanzo wa Machi: ukataji wa kwanza, mbolea
- [ ] Mwisho wa Aprili–mwanzo wa Mei: kata, kausha, funga
- [ ] Mei: kichanja, barabara ya moto, hesabu marobota, amua ng'ombe wa kuuza
- [ ] Agosti: fungua marobota mazuri

Ikiwa Desemba imekukuta bila mbegu ya Rhodes, usiuache mwaka upite: tafuta kilo 8 za fiwi, uzitie kwenye mahindi yako wiki hizi, na fedha ya mbegu uiweke pembeni mpaka Septemba.